Bekari ya mtaani Seoul: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa Waswahili wanaofika Korea Kusini kwa masomo, kazi au matembezi. Wengine wameiona mikate hii kwenye tamthilia wakaitamani, wengine wamepanga chumba juu ya bekari na harufu ya siagi inawaamsha kila alfajiri. Majibu yanahusu zaidi maduka madogo ya mitaani, yale Wakorea wanayoyaita dongne ppangjip, ingawa matawi ya makampuni makubwa nayo tutayagusa.

Naingia, nakuta mikate iko wazi mezani na hakuna anayekuja kunihudumia. Nafanyaje?

Unajihudumia. Karibu na mlango kuna rundo la trei, na pembeni yake koleo. Chukua trei, tandika karatasi kama imewekwa, shika koleo kwa mkono mwingine, kisha zunguka meza taratibu. Ukishaunyanyua mkate kwa koleo, huo ni wako. Kuurudisha mezani ni tabia mbaya, hata kama hakuna atakayekukemea. Mkono mtupu haugusi kitu. Ukiwa na mtoto mdogo mshike, kwa sababu meza ziko usawa wa pua yake.

Keki, sandwichi na vitu vyenye krimu viko kwenye friji la kioo. Huko hujihudumii: onyesha kwa kidole, sema "igeo juseyo", yaani nipe hiki.

Ukifika kaunta, mhudumu atautia kila mkate kwenye kifuko chake cha plastiki, hata ukiwa umechukua kumi. Angalia anavyofanya ule uliotoka tanuri sasa hivi: anauacha mdomo wazi, au anautia kwenye mfuko wa karatasi, ili mvuke utoke. Ukifika nje ukaufunga, baada ya robo saa ganda limelowa. Usiufunge.

Keshia ananiuliza maswali mfululizo na sielewi hata moja. Anauliza nini?

Karibu kila mara ni yaleyale. Unataka mfuko? Mfuko wa kubebea hulipiwa, kwa hiyo wenyeji huja na wao. Una pointi? Hapo anataka namba ya simu ya mwanachama. Tikisa kichwa, yaishe. Unakula hapa au unaondoka nayo? Na kama umechukua mkate mzima wa boflo: tuukate slesi?

Hilo la mwisho lina sharti. Boflo iliyotoka tanuri hivi punde hawatakukatia, maana ikiwa moto visu vya mashine vinaiponda na inabonyea. Watakwambia usubiri ipoe, au uichukue nzima. Ichukue nzima, uimegue kwa mkono ukifika kwako. Hakuna raha kama hiyo dukani mle.

Sijui hata kimoja. Nianze na ipi?

Anza na ile ambayo haipigwi picha. Mimi humwambia kila mgeni achukue mitatu ya zamani kwanza, kisha ndipo aende kwenye mambo ya mtandaoni.

Wa kwanza ni danpatppang: mkate mdogo wa mviringo, rangi ya kahawia inayong'aa, juu umenyunyiziwa ufuta, ndani umejaa maharagwe mekundu madogo yaliyochemshwa na kusagwa na sukari. Wengi wetu hushtuka kusikia maharagwe matamu. Lakini mtu wa Mombasa aliyekua akila mahamri kwa mbaazi za nazi asubuhi hana sababu ya kushtuka. Hapa wamezihamishia ndani na kuongeza sukari. Ukiuchagua, unyanyue kwa koleo na upime uzito wake. Wa bekari nzuri ni mzito kuliko unavyoonekana, kwa sababu unga ni ukuta mwembamba tu na kilichobaki chote ni maharagwe. Mwepesi, achana nao.

Wa pili ni soboro. Huu ni mkate laini uliofunikwa kwa chenga za unga, siagi na sukari zilizookwa mpaka zikapasukapasuka. Ladha yake inayokaa mdomoni ni karanga, maana chenga za Kikorea kwa kawaida hutiwa siagi ya karanga. Mwenye mzio wa karanga auepuke kabisa. Utachafua nguo, hakuna namna ya kuula kistaarabu.

Wa tatu ni mkate wa krimu, uliojazwa kastadi ya maziwa na mayai. Huo hauhitaji maelezo.

Ukishaijua hiyo, nenda kwenye ya chumvichumvi. Gorokke ni mkate uliojazwa, ukapakwa chenga za mkate mkavu na kukaangwa; ndani unakuta viazi, kari, au japchae, yaani tambi za wanga wa viazi vitamu zilizochanganywa na mboga. Kuna mkate wa mboga, wa soseji, wa "piza" wenye mahindi na mayonezi juu. Kuna kkwabaegi, donge lililosokotwa, likakaangwa na kuviringishwa kwenye sukari, na kaka yake wa unga wa mchele unaonata, chapssal doneot, ambaye ganda lake linavunjika na ndani linavutika.

Kisha sogeumppang, mkate wa chumvi, ambao kwa miaka ya karibuni umewapanga watu foleni katika mitaa kama Seongsu na Ikseon-dong. Asili yake ni Japani, mkoa wa Ehime. Unga unakunjwa kuzunguka kipande kizima cha siagi. Tanurini siagi inayeyuka, inaacha shimo katikati na kuvuja chini, na huko chini inaukaanga mkate. Ndiyo maana juu ni laini lakini kitako kinatoa mlio ukikiuma. Upindue kabla ya kununua: kitako kikiwa cheupe na kikavu, siagi ilikuwa kidogo. Foleni ya saa nzima sidhani kama inastahili, kwa kuwa bekari ya mtaani kwako inaweza kuutengeneza vizuri vilevile.

Nilinunua mkate wa vitunguu saumu nile na supu. Mbona ulikuwa mtamu?

Ndivyo ulivyo. Ule wa mviringo uliopasuliwa mara sita na kujazwa jibini laini, uliopata umaarufu kutokea mji wa pwani wa Gangneung, huchovywa kwenye mchanganyiko wa siagi, vitunguu saumu, mayai na asali au sukari. Ni kitafunwa, na ni kitafunwa kizuri sana kikiwa cha moto. Kwa supu, tafuta kingine.

Kwa nini karibu kila mkate una sukari?

Kwa sababu hapa mlo ni wali. Mkate uliingia Korea kama kitu cha katikati ya milo, na umekaa hapo mpaka leo.

Ukifuatilia nyuma unafika Tokyo, kwenye duka la Kimuraya, ambako mwaka 1874 mwokaji Kimura Yasubei alianza kuuza mkate uliojazwa maharagwe matamu. Wajapani walipoitawala Korea, kati ya 1910 na 1945, walikuja na maduka yao ya mikate na peremende, na Wakorea walifanya kazi humo wakajifunza. Uhuru ulipopatikana wenye maduka waliondoka, ufundi ukabaki. Ndiyo maana bekari kongwe za nchi hii zina tarehe zinazofanana: Lee Sung Dang ya Gunsan ilifunguliwa 1945, Taegeukdang ya Seoul 1946.

Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 ukaja unga wa ngano wa msaada kutoka Marekani, mwingi mno. Mchele ulikuwa haba, na katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ilifanya kampeni kubwa ya kuwahimiza watu wale vyakula vya unga na nafaka za kuchanganya. Kizazi kilichokua wakati huo ndicho kinachonunua soboro hadi leo, na huwezi kukiambia kitu kuhusu mikate migumu ya Kifaransa.

Hata hivyo siku hizi kuna maduka mengi yanayooka mikate isiyo na sukari, ya hamira ya asili, baageti na kadhalika. Uliza "siksa ppang", mikate ya mlo. Au nunua sikppang, ile boflo ya kawaida. Nayo ina utamu kidogo, lakini inakubali mchuzi.

Na kwa nini ni laini hivyo?

Maziwa, siagi, kukandwa sana, na mbinu inayoitwa tangjong: sehemu ya unga hupikwa kwanza na maji ya moto mpaka iwe uji mzito, kisha huchanganywa na unga uliobaki. Wanga uliopikwa unashika maji mengi kuliko unga mbichi, kwa hiyo mkate unakaa na unyevu siku mbili tatu.

Mimi Mwislamu. Naweza kula?

Baadhi, kwa uangalifu. Bekari ya kawaida ya mtaani haina cheti cha halali, na kitimoto kinapita humo kwa majina mengi: soseji, hamu, bekoni, nyama ya kusaga ndani ya gorokke. Hayo ni ya wazi. Yasiyo wazi ni jelatini kwenye keki laini za mousse na kwenye ule utando unaong'aa juu ya matunda, ramu kwenye zabibu kavu, na pombe kwenye sharubati inayopakwa katikati ya matabaka ya keki. Kuna pia sulppang, mkate unaoumuliwa kwa pombe ya mchele ya makgeolli. Huo si wa kubahatisha.

Kuna jambo moja linalosaidia sana na wengi hawalijui. Sheria ya Korea ya kutaja viambato vyenye mzio inaihesabu nyama ya nguruwe miongoni mwa vitu vinavyopaswa kutajwa. Kwa hiyo kwenye lebo ya bidhaa iliyofungwa, na kwenye matangazo ya matawi ya makampuni makubwa, tafuta maandishi haya: 돼지고기. Ukiyaona, rudisha. Jelatini huandikwa 젤라틴, na mara nyingine mnyama wake hutajwa kwenye mabano. Lakini lebo ya mzio si cheti: haikwambii chochote kuhusu pombe wala kuhusu trei na koleo zilizoshika mkate wa soseji kabla ya wako.

Kwenye duka dogo lisilo na lebo, uliza kwa mdomo: "Dwaejigogi deureogayo?", yaani kuna nyama ya nguruwe ndani? Kwa pombe sema "Sul deureogayo?" Mwokaji wa mtaani kwa kawaida anaoka kwa mikono yake na anajua alichotia, kwa hiyo jibu unalipata papo hapo. Kijana wa zamu kwenye tawi kubwa anaweza asijue.

Asiyetaka wasiwasi apande mpaka Itaewon, kwenye msikiti mkuu wa Seoul uliofunguliwa 1976. Mtaa unaouzunguka una maduka ya vyakula vya halali, migahawa na vitamu vya Kituruki. Utakosa soboro, utapata baklava.

Nina mzio wa ngano. Mkate wa mchele unanifaa?

Usiuamini kwa jina. Unga wa mchele peke yake hauumuki kama wa ngano, kwa hiyo mikate mingi ya ssal ppang huongezewa gluteni ya ngano. Inasagika vizuri tumboni, ndivyo wanavyosema wenyeji, lakini kwa mgonjwa wa kweli ni hatari. Uliza kuhusu "mil", ngano. Karanga tumeshazitaja kwenye soboro. Maziwa na mayai yako karibu kila mahali, na walaji wasiotumia vitu vya wanyama wanalazimika kutafuta bekari maalumu, ambazo Seoul zipo.

Niende saa ngapi?

Bekari nyingi za mtaani hubandika kikaratasi mlangoni au juu ya meza chenye orodha ya saa za kutoka tanuri: huu saa fulani, ule saa fulani. Kipige picha. Mikate midogo ya kujazwa hutoka asubuhi, boflo mara nyingi kuelekea adhuhuri, na kati ya hapo na saa tisa alasiri meza huwa imejaa kuliko wakati wowote.

Jioni mambo hugeuka. Kilichobaki hutiwa mitatu mitatu au minne minne kwenye mfuko mmoja na kuuzwa kwa bei ya chini. Mwanafunzi asidharau mifuko hiyo. Kasoro yake ni kwamba hukichagui kilichomo, na soboro ya saa mbili usiku chenga zake zimeshalainika.

Siku za kufunga hutofautiana, na wengi hufunga Jumatatu. Sikukuu za Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na Chuseok, ya mavuno, duka dogo linaweza kufungwa siku kadhaa. Angalia kwenye Naver Map au KakaoMap. Google Maps hapa haitoshi.

Ni ghali?

Ndiyo, na Wakorea wenyewe wanalalamika. Mkate mdogo mmoja ni kama won 2,000 hadi 4,000 kutegemea mtaa na kilichomo, na keki nzima ya krimu kwa kawaida inazidi won 30,000. Nchi inaagiza karibu ngano yake yote kutoka nje, kodi za pango Seoul ni kubwa, na siagi si ya kulima bustanini. Kadi inapokelewa karibu kila mahali. Bakshishi hakuna, ukiacha chenji mezani watakukimbilia kukurudishia.

Nataka keki ya siku ya kuzaliwa. Nijue nini?

Kwanza, keki ya Kikorea si ile yetu nzito ya matunda makavu na aisingi ngumu. Ni sponji nyepesi iliyoloweshwa sharubati, krimu ya maziwa isiyo na sukari nyingi, na matunda juu. Mtu aliyezoea keki za harusi za Dar es Salaam anaweza kuuliza utamu uko wapi. Ukila kipande cha pili unaanza kuelewa.

Matunda huenda na msimu. Stroberi ni za kipindi cha baridi mpaka machipuo, kwa sababu hulimwa kwenye vibanda vya joto, na Desemba ndiyo zinapoanza kupamba kila friji la kioo. Vuli huja tini na njugu za chestinati. Mwaka mzima kuna keki ya viazi vitamu, goguma, ya manjano na laini, ambayo nadhani ndiyo salama zaidi kumnunulia mtu mzima usiyemjua vizuri.

Kama unataka maandishi juu, agiza siku chache kabla. Duka dogo litataka ujumbe wa KakaoTalk au Instagram wenye maneno yenyewe, rangi na saa ya kuichukua. Andika jina kwa herufi kubwa zilizoachana. "Mwanaisha" likifika mikononi mwa mwokaji asiyelijua linaweza kutoka vingine. Kuna pia vile vikeki vidogo vinavyokaa kwenye kisanduku cha chakula, vinavyotosha watu wawili, ambavyo wanafunzi hupenda kwa bei.

Kisha mishumaa. Hutolewa bure pamoja na keki, na mhudumu atauliza mingapi. Mrefu mmoja ni miaka kumi, mfupi ni mwaka mmoja: mtu wa miaka 34 anahitaji mirefu mitatu na mifupi minne. Zamani hesabu hii ilikuwa na mzozo wake, kwa kuwa kwa desturi Mkorea alizaliwa akiwa na mwaka mmoja na kuongeza mwingine kila Januari mosi. Tangu tarehe 28 Juni 2023 sheria inatumia umri wa kimataifa, lakini wazee wengi bado wanahesabu kwa ule wa zamani. Ukimnunulia mama mwenye nyumba, muulize binti yake, siyo mama mwenyewe.

Kwenye sanduku utakuta pia kisu cha plastiki na kiberiti. Lishike sanduku kwa chini ukiwa kwenye treni. Na mwenye siku yake atakuwa amekunywa supu ya mwani asubuhi. Keki ni ya jioni.

Krismasi je?

Desemba 25 ni sikukuu ya taifa Korea, na keki ni sehemu yake kubwa. Agizo huanza kupokelewa wiki kadhaa kabla. Ukienda mkesha bila kuagiza, utapata kilichobaki.

Novemba nimeona bekari zimejaa visanduku vya mchele unaonata. Ni nini?

Ni chapssaltteok, za watahiniwa. Mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu hufanyika Novemba, na watu huwapelekea wanafunzi vitu vinavyonata ili nao wanate chuoni. Siku ile ndege huzuiwa kupaa na kutua wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, kwa hiyo usishangae kwamba hata waokaji wamehusika. Kwa kawaida lakini tteok, vyakula vya mchele uliopondwa, vina maduka yake. Bekari na duka la tteok ni biashara mbili.

Niende tawi la kampuni kubwa au duka dogo?

Matawi ya Paris Baguette na Tous les Jours yako kila kona. La kwanza ni la kundi la SPC na lilianza 1988, la pili ni la CJ na lilianza miaka ya 1990. Majina ni ya Kifaransa, mikate ni ya Kikorea. Faida zake ni lebo, saa ndefu na uhakika: soboro ya Busan ni ile ile ya Seoul.

Kuenea kwao kuliwaumiza wadogo mno, hata mwaka 2013 uokaji ukaingizwa kwenye orodha ya biashara zinazolindwa. Makampuni makubwa yalitakiwa yasifungue tawi ndani ya mita 500 kutoka bekari ndogo, na yasiongeze matawi kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Masharti hayo yamelegezwa baadaye. Kampuni hizo zikaelekea nje: Paris Baguette ilifungua duka Paris kwenyewe mwaka 2014, jambo lililohitaji moyo.

Nikiulizwa mimi, tawi ni la siku una haraka. Duka dogo ndilo unaloonja mkono wa mtu. Unajua limesimama vizuri ukiona mambo mawili: meza si kubwa sana, na bibi wa mtaani anaingia bila kutazama, anachukua kitu kilekile, anatoka. Muite mwenye duka "sajangnim", bosi. Ukimzoea, atakuongezea kitu kwenye mfuko bila kukwambia. Kukataa si adabu. Pokea kwa mikono miwili.

Kuna bekari ya kusafiria?

Wakorea wana mtindo wa kuzunguka nchi wakila mikate, na kituo cha kwanza ni Daejeon, kama saa moja kwa treni ya kasi ya KTX kutoka Seoul. Huko kuna Sungsimdang, iliyoanza 1956 kama kibanda cha mikate ya mvuke mbele ya stesheni. Kinachowaleta watu ni soboro iliyojazwa maharagwe kisha ikakaangwa. Duka hili halina tawi nje ya Daejeon, na ndiyo maana utawaona abiria wa treni za kurudi wakiwa na masanduku yake magotini. Mwishoni mwa wiki foleni inazunguka jengo. Nenda siku ya kazi asubuhi.

Gunsan ni mbali zaidi na panafaa kwa anayependa historia: danpatppang ya Lee Sung Dang na mkate wake wa mboga, kisha nyumba za enzi za Wajapani zilizobaki mjini. Asiyetaka kutoka Seoul aende Taegeukdang, Jangchung-dong, akale aiskrimu iliyobanwa ndani ya kaki, akiwa amezungukwa na wazee.

Naweza kukaa ndani na kahawa?

Penye viti, ndiyo. Ukikaa utapewa kikombe cha kuoshwa, maana vikombe vya plastiki vya kutupa haviruhusiwi kwa wanaonywea dukani. Ukimaliza, rudisha trei mwenyewe.

Niko Marekani au Uingereza. Nitaipata?

Kwenye mitaa ya Wakorea, bila shida: Koreatown ya Los Angeles, Fort Lee huko New Jersey, Annandale huko Virginia, New Malden pembezoni mwa London. Trei na koleo ni zilezile.

Nimenunua mingi. Niihifadhi vipi?

Usiitie kwenye friji. Baridi ya friji ndiyo inayoukausha mkate upesi kuliko kuuacha mezani. Friji ni kwa vyenye krimu, nyama au jibini tu, na hivyo uvile siku hiyohiyo au kesho yake. Mkate utakaoliwa kesho ufunge vizuri uuache nje, ila wakati wa joto la Julai na Agosti maharagwe huchacha haraka.

Uliobaki wote ugandishe siku ile ile uliyonunua, kila mmoja kwenye kifuko chake. Hapo vile vifuko vya kaunta vina kazi. Boflo ikatwe slesi kwanza. Kuupasha, utoe dakika chache kabla, kisha sogeumppang, gorokke na mkate wa vitunguu saumu viende kwenye oveni au kikaangio cha hewa moto. Danpatppang ipashe kwa maikrowevu sekunde kumi hivi, isizidi, kwa sababu maharagwe hupata moto kabla ya unga na yatakuunguza ulimi.